Ng'ombe wa Mtu wa Mkoba Mmoja

Audace Bigirimana amekata mpini wa mswaki wake. Naanza hapo kwa sababu ukiniuliza ni mtu wa namna gani naweza kukueleza mpaka sufuria iungue, lakini ukisikia kwamba mtu mzima wa miaka hamsini na saba alichukua msumeno wa chuma akaukata mswaki katikati ili asibebe uzito wa bure, umekwisha kumjua. Nilimuuliza mpini wenyewe ulikuwa na kilo ngapi. Akanijibu kwamba mizigo yote ya dunia ilianza na mtu aliyesema hiki ni kidogo, hakina shida. Nikamwambia mzigo wake mkubwa ni mdomo, na huo hajaupiga msumeno.

Kazi yake ni kutengeneza cherehani. Kushona hajui, hata kifungo kinamshinda; yeye anatengeneza mashine za wanaoshona. Amepanga chumba Kimisagara, hapa Kigali, nyuma ya karakana yangu, na chumbani humo mna godoro, ndoo na msumari ukutani. Msumari ni wa kutundikia mkoba. Jumatatu asubuhi mkoba unatoka kwenye msumari unapanda mgongoni, na Audace anashika njia ya mashariki: Ndera, Kabuga, halafu Rwamagana na kokote kule ambako kuna washonaji wanaolia na mashine zao. Anarudi Ijumaa, au Ijumaa nyingine, au akijisikia. Kiguu na njia, ndivyo mama yangu alivyowaita wanaume wa aina hiyo, na hakuwa akiwasifu.

Mimi ni Mama Annick. Nashona sare, magauni ya arusi na chochote kingine chenye mikono miwili. Nimekulia Buyenzi, Bujumbura, na Audace alikulia mitaa ya jirani, ndiyo maana sisi wawili Kiswahili kinatutoka bila kukitafuta. Lakini mimi nilihamia Kigali na lori. Nilipakia kabati, vitanda viwili, masufuria ya arusi yangu, cherehani tatu, na mlango. Ndiyo, mlango, kwa sababu tuliununua wenyewe na sikuona kwa nini nimwachie mwenye nyumba. Marehemu mume wangu alikaa juu ya huo mlango njia nzima. Kwa hiyo msidhani kwamba katika habari hii sina upande. Ninao, na upande wangu una mizigo.

Halafu nina jambo langu, nalisema mapema tusipotezeane muda. Mwaka juzi nilimaliza kujenga Kabuga: vyumba viwili, jiko la nje, kiraro kidogo na kiwanja cha majani nyuma. Mwaka jana, mchana kweupe, nikiwa na pini mdomoni ili nisionekane nimejiandaa, nikamwambia Audace kwamba nimekuwa mjane miaka tisa, inatosha, na nataka tukaishi Kabuga kama mume na mke, padri atafutwe. Akasema, "Acha nifikiri, Mama Annick." Halafu akachukua mkoba wake akaenda Rwamagana. Bado alikuwa anafikiri wakati ng'ombe alipoingia katika maisha yetu.

Mkoba wenyewe ni wa shule, wa bluu, wa mtoto wa darasa la tatu. Ndani mna bisibisi tatu, koleo moja, kichupa cha mafuta ya mashine, sindano zilizofungwa kwenye kitambaa, shati moja, suruali moja na kipande cha kitenge. Kitenge hicho ni taulo, shuka, aproni na pazia, na mvua ikinyesha ni mwavuli wa mtu asiyejali kulowa. Shati alilovaa hulifua jioni na kulivaa asubuhi likiwa bado na unyevu. Anasema linajinyoosha lenyewe mwilini akiwa njiani. Daftari la kazi hana. Akimaliza mashine huipindua na kuandika kwa wino chini ya tumbo lake tarehe na kitu alichobadilisha. Ukitaka kujua Audace alifanya nini Ndera mwaka fulani, inabidi uende Ndera ukapindue cherehani za watu.

Nitakuwa muungwana niseme ukweli: zipo desturi zake nilizoziiba. Anaanza na mashine mbovu kuliko zote, asubuhi, wakati akili bado ina umande. Haondoki na mashine ya mtu. Anaitengeneza pale pale iliposimama, maana fundi akianza kubeba mashine amekuwa mchukuzi. Hafiki kwa watu saa ya chakula. Anafika kabla, na kama chakula kikimkuta kazini, hilo ni kosa la chakula. Saa kumi jioni anasimama, anapangusa mikono, anaondoka, hata umbembeleze kwa machozi.

Binti yangu Annick, anayefanya kazi ofisini na siku hizi anakula majani mabichi kwa hiari yake, alipoyasikia haya alishika kichwa. "Mama, watu wanalipa wafundishwe hii!" Jumapili moja akaleta wenzake wawili wa kazini, wamevaa viatu vyeupe katika vumbi la Kimisagara, wakaketi kwenye viti vyangu wakamrekodi Audace kwa simu. Audace akawaonyesha kitenge. Akawaonyesha nusu ya mswaki. Walikuwa wanatikisa vichwa kama wako kanisani. Nikashindwa kuvumilia. Nikawaambia wamuulize pia pasi anayoazima ni ya nani, na beseni la kufulia, na chaja ya simu, na chumvi, na Ijumaa akirudi anakula kwenye sufuria la nani. Mtu mwepesi namna hii, nikawaambia, anahitaji jirani mzito. Annick akakohoa. Audace mwenyewe alicheka mpaka akajifuta machozi, na hilo ndilo linaloniudhi kwake: ukimtukana hakasiriki.

Sasa, adui wa mtu wa mkoba mmoja katika nchi hii si mvua wala milima. Ni ukarimu. Mgeni haachwi aondoke mikono mitupu, lazima apewe impamba, kitu cha kushika njiani, na Wanyarwanda wakisema cha kushika njiani hawana maana ya biskuti. Ni viazi, ni mkungu wa ndizi, ni kuku mwenye maoni yake. Kukataa ni matusi. Audace alipata dawa: hakatai kamwe, anapokea kwa mikono miwili, halafu anamkabidhi mwenyeji anayefuata. Maparachichi ya Ndera yanaishia Kabuga, ndizi za Kabuga zinafika Rwamagana, na watu wote wa njia hiyo wanamsifu kwamba Audace ni mtu wa kweli, haji mikono mitupu. Hakuna anayejua kwamba hajawahi kununua hata embe. Mwaka mmoja nanasi la mama wa Kabuga lilizunguka siku tisa likarudi kwa mwenyewe, na yule mama akalipokea kwa furaha, akasema mananasi ya huko alikolitoa ni mazuri kuliko ya kwake.

Kwa hiyo tuseme alikuwa amezoea kupewa vitu na kuvipitisha. Kiburi kilimwingia. Alidhani hakuna zawadi itakayomshinda.

Ndera kuna ushirika wa akina mama washonaji, na mkubwa wao ni Harriet, mwanamke wa miaka sabini na kitu, mwembamba, aliyekulia Karagwe upande wa Tanzania na kurudi Rwanda akiwa na Kiswahili cha kule ambacho sasa kimechanganyika na cha hapa. Mwezi wa nane, shule zikikaribia kufunguliwa, ushirika ulikuwa na kazi kubwa ya sare, na mashine saba kati ya tisa zikagoma kwa mpigo. Mama mmoja alikuwa ameishiwa mafuta ya cherehani akaona mafuta ni mafuta, akatia ya kupikia. Wenzake wakaona wazo zuri. Audace alipofika, karakana nzima ilinuka chapati na magurudumu yalikuwa yameganda kama yamepakwa gundi.

Alikaa siku nne. Saa kumi ikifika haondoki. Alifungua kila mashine mpaka mfupa wa mwisho, akaiosha, akaifunga. Ya saba ikakosa kile kikopo cha chuma kinachoshika bobini, na dukani hakikuwepo. Alichofanya ni kurudi Kimisagara siku ya Jumatano nikiwa sokoni, akafungua mashine yangu, akachukua changu. Niligundua nikiwa nimeketi kushona gauni la bibi arusi wa Jumamosi. Nilimpigia simu nikamtukana kwa lugha tatu, na ya nne ningeijua ningeitumia. Yeye akanijibu, "Mama Annick, watoto wataenda shule uchi?" Sare zikaisha siku moja kabla ya shule kufunguliwa.

Wiki mbili baadaye ushirika ukafanya sherehe ya kushukuru. Audace akanialika ili nimsamehe. Palikuwa na hema, soda, pombe ya ndizi, na watu kama arobaini. Katikati ya yote Harriet akasimama. Hakuwa na karatasi. Akamwangalia Audace akasema polepole, kwa sauti ya kumtosha kila mtu, kwamba kwa mkono alioutoa kwa akina mama, yeye Harriet anampa ng'ombe.

Watu wakapiga makofi na vigelegele. Kwa watu wa Harriet, anayepewa ng'ombe husimama, huinua mikono juu kama pembe na kulitaja jina la aliyempa. Hapo ng'ombe amepokelewa na mambo yamekwisha. Asiyeinua mikono hajapokea. Audace akasimama, akainua mikono juu kabisa, akapaza sauti, "Yampaye inka Harriet!" Harriet amenipa ng'ombe! Akazunguka mara mbili kwa madaha, watu wakamfurahia. Halafu akaketi akaendelea na soda yake, mtulivu, hana hili wala lile.

Nikamwinamia sikioni. "Unajua ulichofanya?"

"Nimepokea ng'ombe. Kama arusini."

Hapo nikaelewa, na nikaanza kutetemeka kwa kicheko. Huyu mtu ng'ombe anaowajua ni wa kumbi za arusi za Kigali. Kule mjomba anasimama anatoa ng'ombe, shangazi anatoa ng'ombe, bosi wa bwana arusi anatoa wawili, msifu ng'ombe anaghani mpaka jasho linamtoka, na baada ya keki kila mtu anapanda gari lake. Kama ng'ombe wote waliotolewa kwenye maikrofoni za Kigali wangekuwa na miguu, tusingepata pa kuvukia barabara. Audace amehudhuria arusi nyingi, daima kwenye kiti cha karibu na mlango, na hajawahi kuona kwato.

"Audace," nikamwambia, "huyu bibi hana maikrofoni."

Akanywa soda.

Wiki tatu baadaye simu ikalia akiwa karakanani kwangu, anakula maharage yangu. Simu yake spika imeharibika, hupiga kelele kama redio, kwa hiyo nilisikia yote.

"Audace we! Ng'ombe yako iko tayari. Iko na mimba ya miezi sita. Unakuja kuchukua lini?"

Kijiko kilibaki hewani. "Mukecuru," akasema, yaani bibi, na sauti ilikuwa ya mtu aliyekanyaga shimo, "ng'ombe… ya kweli?"

"Sasa iko ya uongo ni ya namna gani?"

Alipokata simu alinitolea macho. Nilikuwa nimeegemea mashine, nacheka mpaka mbavu zinauma, na ndani ya kicheko hicho nilikuwa nimeshaona kila kitu. Kimisagara huwezi kufuga hata njiwa bila jirani kuitisha mkutano. Mtu mwenye ng'ombe anahitaji kiraro. Mimi nina kiraro. Sitaki kudanganya: nilimshukuru Mungu na Harriet, kwa mpangilio huo.

Audace akatafuta pa kutokea. Kumuuza hakuwezekani, kuuza ng'ombe wa zawadi kabla hajazaa ni kumtemea Harriet mate usoni. Kumkataa hakuwezekani, aliinua mikono mbele ya watu arobaini, na tena kwa madaha. Akajaribu kumwambia Harriet amtunzie. Harriet akasema kiraro chake ni cha ng'ombe mmoja, na ndama akija nafasi inaisha. Kumpitisha kwa mwenyeji anayefuata, kama nanasi? Aliwapigia simu watu watatu. Wote walicheka wakidhani ni utani, maana Audace wa mkoba mmoja ana ng'ombe kutoka wapi.

"Kiraro changu kipo," nikasema, nikijitia kukata uzi.

Akanigeukia. "Mama Annick, kile kiraro ulijenga cha nini? Huna hata kuku."

"Tofali zilibaki."

"Tofali zilibaki," akarudia, na akatikisa kichwa, kwa sababu si mjinga. Alijua kwamba ng'ombe akilala Kabuga na yeye atalala Kabuga, na kwamba jibu alilokuwa analifikiria mwaka mzima lilikuwa linamjia lenyewe kwa miguu minne. Jumatatu akachukua mkoba akapitiliza Ndera. Jumatatu iliyofuata vivyo hivyo. Nimeambiwa kwenye basi aliinamisha kichwa kama mwizi walipopita njia ya kwenda kwa Harriet. Mashine za Ndera zikaanza kukatika nyuzi. Akina mama wakaanza kutaja fundi mwingine. Miaka kumi na moja ya jina zuri ilikuwa inamwagika, naye anazunguka tu.

Hapo hasira zangu zikazidi kicheko. Nilijiuliza usiku na mchana ni nini kibaya hivyo kwangu hata mtu aharibu kazi yake ili asilale kwenye nyumba yenye bati jipya. Watu husema ni vita vya kwetu Burundi, kwamba aliyewahi kukimbia na shati moja hawezi tena kununua meza. Nilimuuliza hivyo siku moja. Akasema si vita, ni mgongo. Sijui nimwamini yupi, Audace au watu, na nilichoka kujali.

Harriet akanipigia mimi. "Mama Annick, mwambie aje Jumamosi. Kama hataki ng'ombe, aseme hapa mbele yangu. Mimi nimezoea, nilikuwa na mabwana wawili."

Nikamwambia Audace tunakwenda. Hakubisha. Njiani alipakata mkoba magotini.

Ng'ombe alikuwa mwekundu wa kukoza, na baka jeupe kwenye paji la uso, tumbo limeanza kujaa. Harriet alimwita Bihogo. Tulipoingia uani alikuwa anatafuna, akatuangalia, akaendelea kutafuna. Audace alisimama mbali, mkoba mgongoni, akaanza maneno aliyokuwa ameyapanga: kwamba yeye ni mtu wa njia, kwamba heshima ni kubwa mno, kwamba angestahili kuku.

"Nyamaza kidogo," Harriet akasema. Alikuwa ameketi kwenye kigoda, miguu ameinyoosha. "Miaka kumi na moja unakuja hapa. Hujawahi kusahau kitu. Hata kofia. Hata bisibisi moja. Nilikuwa nachunguza kila ukienda, nasema labda leo amesahau. Mtu akisahau kofia anarudi. Wewe ukitoka hapa, ni kama hukuja. Siku ukikufa huko njiani, mimi nitajua namna gani? Nitasema amechelewa, nitangoja, nitangoja." Akamnyooshea ng'ombe kidole. "Nikasema nimpe kitu hakiingii kwenye ile mkoba."

Nilimwangalia Audace. Alikwenda akasimama kando ya ng'ombe, akaweka kiganja chake ubavuni mwake, pale tumbo lilipoanza, akakiacha hapo.

"Ndama wa kwanza akiwa wa kike anarudi kwangu," Harriet akasema, kwa sauti ya kawaida sasa. "Hiyo ndiyo desturi. Kwa hiyo utanipigia simu."

Karatasi ya daktari wa mifugo ilikuwa tayari, na ya kiongozi wa kijiji, maana hapa hata ng'ombe hasafiri bila mihuri. Tukapewa na gunia la viazi, impamba, ambalo nililibeba mimi kichwani. Tukashika njia ya vumbi inayokwenda Kabuga kwa nyuma, Audace mbele na kamba, ng'ombe katikati, mimi mwisho. Nilikuwa nimeshinda na nilikuwa nahesabu mapazia ya vile vyumba viwili.

Baada ya kama nusu saa tukafika njiapanda. Njia moja inaendelea Kabuga. Nyingine inateremka kwenye lami, kwenye mabasi. Pembeni kulikuwa na akina mama watatu wanalima viazi vitamu. Audace akasimama. Akanigeukia, akavuta shati lake, akasimama wima kama shahidi.

"Mama Annick," akasema kwa sauti ya juu, "nkugabiye inka." Nimekupa ng'ombe huyu.

Majembe yakasimama. Akina mama wakajinyoosha viuno, wakatutazama. Na mimi, naomba mnielewe, katika maisha yangu sijawahi kukataa kitu. Nilisafiri na mlango. Huyu alikuwa ng'ombe mzima, mwenye mimba, mwenye karatasi, maziwa ya miaka, mbolea, heshima mbele ya mtaa mzima wa Kabuga. Na Audace aliniangalia kwa yale macho yake ya ujanja, macho ya nanasi, na nikaiona hesabu yake yote. Ng'ombe angelala kwangu, Harriet angeridhika kwamba yupo mahali pazuri, ndama angerudi kwa wakati wake, na yeye angeteremka kwenye lami na mkoba wake, mwepesi kama alivyokuja. Alikuwa amepata namna ya kusafiri bila mzigo hata akiwa na ng'ombe. Alikuwa amenitwisha mimi.

"Inua mikono, mama!" mmoja wa wale wakulima akanihimiza. "Unapewa ng'ombe!"

Mikono ilitaka kuinuka. Nasema kweli, iliniwasha. Nilitua gunia la viazi chini, nikaikunja kifuani, nikaibana.

"Siinui," nikasema.

"Mama Annick…"

"Siinui, Audace. Nilikuomba mtu. Mwaka mzima nimekuomba mtu, na wewe unanipa ng'ombe." Sauti ilinipasuka hapo, mbele ya wageni na viazi vitamu vyao, wala sikujali. "Kama huyo mtu hayupo, sema hayupo. Nitalia wiki moja, nitashona. Lakini sitakuwa msumari wako wa pili."

Yule mama aliyenihimiza akashusha macho akaanza kukwangua udongo kwenye jembe lake. Audace alisimama na kamba mkononi. Aliangalia chini kwenye lami, ambako basi lilikuwa linapakia, akaliangalia mpaka likajaa, likaondoka. Ng'ombe akaanza kula majani ya watu.

"Majani yake hukatwa saa ngapi?" akauliza mwishowe. Hakuwa ananiangalia.

"Alfajiri."

"Kila siku?"

"Kila siku."

"Na Jumapili?"

"Ng'ombe hajabatizwa, Audace."

Alicheka, halafu kicheko kikamgeuka katikati, akajifuta uso kwa mkono wa shati. Akaizungusha kamba mara mbili kwenye kiganja, akavuta. Ng'ombe akagoma, akavuta tena, akamwambia kitu kwa sauti ndogo ambacho sikukisikia, na wakaanza kwenda, upande wa Kabuga. Nilirudisha gunia kichwani nikawafuata, nikilia waziwazi, na kamba sikumsaidia kushika.